Wiki zangu za jembe nyuma ya Kinango: nililolipia na nililopata

Kwanza pesa, maana ndilo swali la kila niliyemsimulia. Mkenya anayekwenda kujitolea kwenye shamba nililokwenda hulipa shilingi 800 kwa siku, mgeni kutoka nje hulipa yuro 20. Kwa pesa hizo unapewa kitanda, chakula, chai ya rangi isiyoisha, na kazi. Naam, kazi. Unalipa ndipo ulime. Mama yangu alipolisikia hilo pale kwetu Kisauni, Mombasa, aliweka kisu chini akaacha vitunguu vyake. "Nimekusomesha, mwanangu, ukalime shamba la watu kwa pesa zako mwenyewe?" Siku ile nilicheka tu. Sasa jibu ninalo, ila sidhani wenye shamba watalibandika kwenye matangazo yao.

Jina lao sitalitaja. Anayelijua shamba atalitambua, na haya yote nimewaambia wenyewe tukiwa tumekaa, kwa hiyo si maneno ya mgongoni. Nitasema tu kwamba liko kaunti ya Kwale, baina ya Kinango na hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje, mahali ambapo lami umeshaisahau na hata barabara ya changarawe imekwisha. Ni shamba la kilimo hai, yaani halitumii dawa wala mbolea ya dukani, na hupokea watu wa kujitolea mwaka mzima: Wajerumani, Waholanzi, wanafunzi wa vyuo vyetu, na safari hii msimamizi wa usafi wa vyumba kutoka hoteli moja ya Bamburi, yaani mimi.

Wanaofanya kazi za hoteli wanaelewa nilifikaje huko. Mei na Juni mvua za mwaka zimekolea, kusi inavuma, ufuo umejaa mwani, na watalii wamerudi kwao. Sisi huambiwa tupumzike, mapumziko yasiyo na mshahara. Badala ya kulala nyumbani nikihesabu boriti, nikaona heri nikaone hicho ambacho wageni wangu husimulia kila mara wanapotoka bara wakiwa na vumbi kwenye kope: kwamba wamejitolea shambani na maisha yao yamebadilika. Yangu hayajabadilika. Lakini nimejifunza, na nina maoni.

Kufika ni kazi, ila si ya kutisha. Feri ya Likoni, matatu ya Kwale, matatu nyingine ya Kinango, kisha bodaboda. Ukitokea Changamwe au Miritini, barabara ya Dongo Kundu itakuepusha na feri. Hicho kipande cha bodaboda ndicho kinachoumiza mfuko, na mvua ikiwa imenyesha, dereva hakufikishi hata umwongeze: udongo hujaa baina ya gurudumu na madigadi mpaka pikipiki inagoma. Mimi nilimalizia kwa miguu, begi kichwani, viatu mkononi. Wenye shamba wanasema "tutakupokea". Ulizeni kabla ya kutoka nyumbani, mtapokelewa wapi hasa.

Sasa chumba. Jicho langu ni la kazi, nikiingia mahali naona shuka kabla sijaona mtu. Banda ni la udongo na makuti, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine, ukuta katikati ukiwa haufiki juu, kwa hivyo kila anayekoroma mnamjua. Vitanda ni vya kamba, vimekazwa vizuri, magodoro membamba. Shuka zilikuwa zimeparara kwa kuanikwa juani mno lakini safi, na nasema safi kwa maana ile ninayotumia kazini. Chandarua hakina tundu. Sakafu hunyunyizwa maji kabla ya kufagiliwa ili vumbi lisiruke, jambo ambalo nimewaambia vijana wangu wa hotelini mara zisizo na idadi. Choo ni cha shimo, kina mfuniko, kina kopo la majivu, na nje yake kuna mtungi ulioning'inizwa kwa kamba: unakanyaga kijiti, maji yanachirizika, unanawa bila kushika kitu. Nimeingia vyoo vya mahoteli yenye nyota ambavyo havifikii pale. Kung'uta gambuti kabla ya kuvaa. Hilo hawakuniambia wao, niliambiwa na Mjerumani mmoja aliyekutana na nge.

Kuoga ni ndoo moja kwa siku, unachota kwa kata. Hapa nilinyamaza nisilalamike. Maji yao hutoka kwenye silanga, bwawa la udongo linalokinga mvua, na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Husaga mbegu za mlonge, hukoroga kwenye pipa, baada ya muda tope linatua chini, kisha ya kunywa huchemshwa. Kisauni tuna mifereji mikavu na tunanunua mitungi kwa mikokoteni, na siku zote nilijiona mimi ndiye wa kuhurumiwa. Kumbe chemchemi za Marere, ndani ya Shimba Hills hapohapo Kwale, hupeleka maji Mombasa, na bwawa kubwa la Mwache linalojengwa upande huohuo nalo linakusudiwa tuyapate sisi. Kina mama wa Kiduruma niliokutana nao njiani alfajiri, wakitoka silanga na mitungi kichwani, walinisalimu kwa furaha. Sikuwaambia natoka wapi.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Tangazo linasema saa tano kwa siku, na hapo hawakudanganya. Saa kumi na mbili asubuhi uko shambani, saa tatu chai na mihogo au viazi vitamu, saa tano jua limeshakuwa kali mnarudi kivulini. Jioni saa kumi kuna saa moja ya kazi nyepesi: kulisha mbuzi, kumwagilia mchicha kwa maji yaliyotumika jikoni, kuwaswaga kuku warudi bandani. Msemo wa mgeni na jembe mnaujua nyote, nauacha. Hapa jembe hukungoja mlangoni siku uliyofika.

Mwenye shamba ni mzee mstaarabu aliyestaafu kazi mjini. Siku ya kwanza aliwakusanya wageni chini ya mwembe, akatundika karatasi kubwa, akatueleza kilimo hai kwa muda wa kipindi kimoja cha shule. Mboji, rutuba, mzunguko wa mimea. Ilikuwa somo zuri. Ndilo lilikuwa la kwanza na la mwisho kutoka kwake. Yaliyobaki yote, kila nilichokileta nyumbani kichwani, nilikipata kwa mwanamke mmoja anayefika shambani kabla ya jua akiwa na jembe lake begani na leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani. Watu wa kwao humwita Mayo, yaani mama, nasi tukamwita hivyo.

Mayo ndiye aliyenifundisha kumtafuta kiwavijeshi vamizi, yule anayekula mahindi. Mdudu huyu aliingia Kenya mwaka 2017 na hajatoka. Usimtafute mchana, alisema, mchana amejificha. Unakwenda alfajiri, unafungua kwa vidole lile faneli la majani machanga katikati ya mhindi. Ukiona vijidirisha kwenye jani na uchafu unaofanana na unga wa msumeno, yumo. Unamtoa na kumponda, kisha unatia chumvi ya jikoni? Hapana, hivyo ndivyo nilivyodhani mimi nilipomwona ameshika kopo. Ni majivu yaliyochanganywa na mchanga laini, kidogo tu, ndani ya faneli. Mstari kwa mstari, mgongo umepinda, umande unakulowesha mpaka mapajani. Kijana mmoja wa chuo aliyetoka Changamwe, anayesomea kilimo, alikuja na maelezo ya simu yake kuhusu mdudu huyo. Mayo alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Na hiyo simu imekwambia hapa wako wangapi?" Kisha akamwonyesha mstari alioupita: ameacha watatu.

Ndiye aliyetufundisha mashimo ya zai pia. Ufundi huu ni wa Burkina Faso, na mkulima mmoja wa huko, Yacouba Sawadogo, aliuboresha kwenye ardhi iliyokuwa imekufa mpaka akapewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018. Mwenye shamba alitusimulia hayo pale chini ya mwembe. Mayo hakuhitaji kusimuliwa chochote. Yeye huchimba shimo, hupima kina kwa mkono wake mpaka kiwiko, huweka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine, hutia samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, hurudisha ule wa juu, na huacha shimo lisijae ili mvua ikija isimame humo. Ule udongo wa chini huuweka kama ukingo upande wa mteremko. Nilichimba langu la kwanza nikajivuna. Aliingiza mkono, akautoa, akasema tu, "Endelea, mwanangu, mahindi yana miguu mirefu kuliko hii."

Samadi isiyooza huunguza mizizi. Majani ya mwarobaini hutwangwa na kulowekwa usiku kucha, huchujwa kwa kitambaa, hutiwa sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani, na hunyunyizwa jioni kwa sababu jua huiua nguvu. Kunde zikipandwa kati ya mahindi hufunika ardhi na kuilisha. Pojo huvunwa asubuhi mapema maganda yakiwa na unyevu, ukingoja mchana hupasuka na kumwagika. Haya yote ni ya Mayo. Hakuna hata moja lililokuwa kwenye ile karatasi kubwa.

Na usiku kuna ndovu. Hili watu huliuliza sana, nami nalijibu kwa ukamilifu kwa sababu ndilo lililonitia hofu kabla ya kwenda. Shimba Hills ina ndovu, na Mwaluganje ni ardhi ambayo wenyeji waliitoa miaka ya 1990 ili wanyama wapite, nao wakapata mgao wa pesa za utalii. Huko hata kinyesi cha ndovu hutengenezwa karatasi za kuandikia, msicheke, nimeishika kwa mkono. Lakini ndovu hajui mpaka, na mahindi yakianza kubeba harufu humfikia. Shamba limezungushiwa kamba zilizopakwa pilipili iliyosagwa na oili chafu ya gari, na makopo yanayogongana yakiguswa. Katikati kuna dungu, jukwaa la kulindia shamba, na zamu ya kulala juu yake ni ya hiari. Nilipanda usiku mmoja pamoja na mtoto wa kiume wa Mayo. Ndovu hawakuja, walikuja nguruwe-mwitu, tukapiga debe mpaka koo na mikono vikachoka. Mzungu mmoja alilalamika kesho yake kwamba hakulala. Akaambiwa, kwa upole, kwamba hata mahindi hayakuliwa.

Chakula: nawapa alama zote. Sima ya mahindi yao wenyewe, kunde za nazi, mchicha, ng'onda wa kuchemsha, na mchunga, ile mboga chungu ambayo kwa mara ya kwanza nilitaka kuitema na mwishowe nilikuwa naitafuta. Nyama ni nadra, kuku akichinjwa huitwa jirani Mdigo, Mwislamu, amchinje ili sote tule bila wasiwasi. Kwa sisi tunaoswali, hakuna adhana ya kusikika, simu yako ndiyo mwadhini wako, na mkeka safi upo ukiomba. Jioni vibarua na baadhi ya wageni hunywa tembo la mnazi kwenye kibuyu, hakuna anayekulazimisha wala anayekuuliza kwa nini. Jumapili moja nilipika mahamri na mbaazi za nazi kwa kila mtu. Kuni zilinitesa: mafuta yalikuwa yanawaka au yamepoa, hakuna katikati. Mayo alikula mawili, akafunga matatu kwenye leso kwa wajukuu, akaniuliza iliki inapandwa wapi.

Simu inashika mtandao chini ya mkwaju mmoja tu, nyuma ya zizi, na huko kuna foleni kila jioni. Betri huchajiwa kwa sola, kwa zamu.

Basi mpaka hapo mngedhani nawapa nyota tano. Ningewapa, kama si asubuhi moja.

Tulikuwa wengi wiki ile, banda limejaa. Alfajiri, tukiwa bado tunafunga viatu, walifika kina mama wawili kutoka kijiji cha pili, majembe mabegani. Msimamizi akawaendea getini. Sikusikia maneno yote, nilisikia "leo wageni wapo", kisha nikawaona wanageuka. Walitembea polepole, bila kuzungumza. Nilimwuliza Mayo. Alisema hao ni wa siku zote, hulipwa shilingi 400 kwa siku, na wageni wakiwa wengi huambiwa wasije. "Nyinyi mnachimba bure," alisema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anajibu swali. Jirani mwingine, mzee wa ng'ombe, siku za nyuma alikuwa ameshaniuliza kwa kicheko: mnafanya kazi na mnalipa, mna ugonjwa gani? Nilicheka naye. Asubuhi ile nilielewa kwamba swali lake halikuwa mzaha mtupu.

Fikirini hesabu yake. Mimi natoa 800 na nguvu zangu, nguvu zenyewe za mtu wa kupanga mito, nachimba mashimo manne mafupi kwa muda ambao mwanamke yule angechimba kumi ya haki. Yeye anarudi nyumbani mikono mitupu. Na Mayo, ambaye bila yeye hakuna mafunzo yoyote ya kutangazwa, analipwa shilingi 400 zilezile za kibarua wa kawaida, siku anayofundisha wageni sita na siku anayopalilia peke yake. Tangazo linasema "mafunzo ya kilimo hai". Wanaouza ni maarifa ya Mayo, na Mayo hana fungu katika mauzo hayo.

Mtindo huu wa kujitolea mashambani haukuanza hivi. Ulianza Uingereza mwaka 1971, Sue Coppard, aliyekuwa akifanya kazi ya ukatibu London, alipowatafutia watu wa mjini wasio na namna ya kufika mashambani mahali pa kufanya kazi mwisho wa wiki, akaanzia na shamba moja huko Sussex. Mtandao uliotokana na wazo lake, WWOOF, leo umeenea duniani, na kanuni yake ni nyepesi: ukiacha ada ya uanachama, pesa hazipiti baina ya mgeni na mwenyeji. Mgeni hutoa kama nusu siku ya kazi, mwenyeji hutoa malazi, chakula na elimu. Shamba nililokwenda si la mtandao huo, wala hawakusema ni lake, kwa hiyo siwezi kuwashtaki kwa kanuni isiyo yao. Wala sisemi 800 ni nyingi. Kwa milo ile na kitanda kile, mjini hupati. Nalalamikia pesa inakokwenda, na inakokatwa.

Nilimwambia mwenye shamba jioni moja, kwa adabu, tukiwa na chai. Nilimweleza kwamba hotelini kwetu mgeni akimsifu mhudumu kwa jina, mhudumu huyo hupata kitu mwisho wa mwezi, na kwamba Mayo husifiwa na kila mgeni. Alinisikiliza. Akasema, "Binti yangu, bila wageni shamba hili lingefungwa, na Mayo asingekuwa hata na hizo 400." Najua ana hoja. Mwaka uliopita mvua zilimwangusha, na pesa za wageni ndizo zilizonunua mbegu. Lakini nilimwuliza: kwa nini basi wageni wakiwa wengi, anayekatwa ni yule wa chini kabisa? Wageni sita wa kawaida wanaleta 4,800 kwa siku, na wakiwemo wa yuro ni zaidi. Kina mama wawili ni 800. Hapo alinyamaza kidogo, akasema ataliangalia. Sina zaidi la kuwaambia kuhusu jibu hilo.

Mjerumani wa nge hakukubaliana nami. Alisema amekuja kujifunza, si kuajiri. Kijana wa Changamwe alisema tuanze kumpa Mayo sisi wenyewe, kila mtu kidogo, tukafanya hivyo siku za mwisho. Mayo alipokea, akashukuru, na kesho yake alituletea maembe ya ngowe ya msimu uliopita yaliyokaushwa, kapu zima, kwa hiyo sijui nani alimlipa nani. Lakini bakshishi si mshahara. Mimi naishi kwa bakshishi nusu ya mwaka, tofauti yake naijua.

Kwa hivyo: nyota tatu. Mbili za chumba na chakula, moja ya Mayo, na hiyo moja ningemkabidhi yeye mwenyewe kama nyota zingekuwa na thamani Kinango. Nani aende? Anayetaka kujua jinsi chakula kinavyotoka ardhini, na mgongo wake mzima. Anayekwenda kupumzika aende Diani. Mwenye watoto wadogo asiende msimu wa mahindi, kwa sababu ya ndovu na kwa sababu ya silanga lisilo na uzio, jambo ambalo pia nimewaambia. Mwanamke anayesafiri peke yake atakuwa salama. Mlango wa banda una komeo la ndani na Mayo hulala hapo wageni wa kike wakiwepo, kazi nyingine ambayo sina hakika kama ina malipo.

Bebeni: gambuti zenu (zao ni za namba kubwa tu), glavu, tochi ya kichwani, leso mbili, dawa ya mbu, na sabuni ya kipande. Msibebe nguo nyeupe. Bebeni iliki pia, kuna mtu ataifurahia.

Na kabla ya kutuma amana, pigeni simu mwulize maswali mawili. Wiki mtakayokuja, vibarua wangapi watakuwa kazini? Na anayefundisha analipwa vipi? Mimi niliwapigia tena wiki iliyopita, nikijifanya mgeni mpya, nikayauliza yote mawili. La kwanza nilijibiwa kwamba kina mama wawili sasa wana siku zao tatu za uhakika kila wiki, wageni wawepo wasiwepo. La pili nikaambiwa mwenye shamba hayupo, nipige baadaye.